Kujifunza jiu-jitsu ya Brazili ukiwa Dodoma: anzia chini

Mtu anayeanza jiu-jitsu ya Brazili huwa na hamu ya kujua roba na kukunja kiwiko cha mtu. Mwongozo huu utamchelewesha kidogo. Mchezo huu unachezwa zaidi sakafuni, na mgeni wake, awe na kifua cha kubebea magunia soko la Majengo au awe mwanafunzi mwembamba wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), miezi ya mwanzo ataishia kulaliwa. Kwa hiyo cha kujifunza kwanza ni kukaa chini ya mtu bila kuhaha, kisha kutoka. Ukiweza kutoka, utathubutu kujaribu mengine yote, kwa sababu jaribio likiharibika unajua njia ya kurudi.

Nadharia ya mwongozo mzima ni hiyo. Mengine ni jinsi ya kuitekeleza katika mji ambao makocha wa mchezo huu si wa kuwapata kila kona.

Hatua ya 1: Tafuta watu kabla ya kutafuta video

Unahitaji watu wanne au watano walio tayari kukutana mara mbili au tatu kwa wiki kwa miezi sita. Watatu ndio uchache unaofaa: wawili wanacheza, mmoja anashika saa na kutazama. Wawili mnaweza pia, ila mmoja akisafiri kikazi mazoezi yamekufa, na Dodoma watu wanasafiri kikazi kila wiki.

Tafuta jimu, vyuoni, na kwenye vikundi vya karate na judo. Mwanajudo usimwache apite. Jiu-jitsu ya Brazili imezaliwa na judo: Mitsuyo Maeda, mwanafunzi wa Kodokan, shule aliyoianzisha Jigoro Kano mjini Tokyo mwaka 1882, aliingia Brazili mwaka 1914, na miaka michache baadaye akamfundisha Carlos Gracie mjini Belém. Carlos na ndugu zake, Hélio akiwemo, wakaukuza upande wa sakafuni. Mwanajudo wa leo atakuja kwenu akijua kuanguka, kushika kola na kumbana mtu chini. Atakachopungukiwa ni subira ya kupigana akiwa chali. Yeye awafundishe kuanguka, ninyi mvumilie miezi yake ya kukasirika akiwa chini.

Saa ya mazoezi ipangeni kwa ukweli. Mtumishi wa Mtumba, mji wa serikali, anatoka kazini saa tisa na nusu alasiri, na mpaka afike mjini, ale kitu na kubadili nguo, saa kumi na moja na nusu ndiyo inayowezekana. Jumamosi asubuhi iwe ya kipindi kirefu. Mkiwa na akina dada kwenye kikundi, malizeni mapema kiasi cha kila mtu kupata usafiri bila kubahatisha, na dada anayetaka kucheza na dada mwenzake tu apangiwe hivyo bila maswali.

Mkimpata mwalimu mwenye mkanda, mwulizeni kwa adabu nani alimpa na wapi. Mwalimu wa kweli hajibu kwa hasira. Mikanda ya watu wazima ni mweupe, bluu, zambarau, kahawia na mweusi. IBJJF, shirikisho kubwa la mchezo huu, linataka mtu akae angalau miaka 2 kwenye bluu, mwaka 1 na nusu kwenye zambarau na mwaka 1 kwenye kahawia, na mweusi hautolewi kwa aliye chini ya miaka 19. Kwa walio wengi safari nzima huchukua kama miaka kumi. Anayewaahidi mweusi ndani ya miaka miwili anauza kitambaa. Kwa upande mwingine, msimdharau mwenye bluu: bluu mnyoofu anatosha kabisa kuanzisha kikundi cha wageni.

Mkikosa mwalimu kabisa, changeni. Kwa treni ya SGR Dodoma na Dar es Salaam sasa ni safari ya chini ya saa nne. Mkisikia kuna semina huko, mpelekeni mmoja mwenye daftari na kichwa cha kukumbuka, arudi awafundishe jambo moja aliloliona vizuri. Akirudi na mambo kumi, mwambieni achague.

Hatua ya 2: Mkeka

Godoro la kulalia halifai. Mguu unazama, mwili unageuka, kifundo kinabaki. Kinachofaa ni sponji ngumu za kuunganisha, zenye unene wa sentimita 4 kama mtaweza kuzipata, kwenye eneo la mita nne kwa nne kwa jozi moja. Mkianzia magotini, jozi mbili zitabanana humo. Fedha ikiwa ndogo, mabaki ya sponji ngumu yanaweza kupangwa ndani ya fremu ya mbao, yakafunikwa turubai lililokazwa pande zote lisitengeneze mikunjo. Seremala yeyote mzuri anaiweza fremu hiyo, ila mwambie asiache kona ya mbao wala kichwa cha msumari upande wa juu. Acheni nafasi ya mita moja hivi mpaka ukutani.

Kuna wanaofanyia mazoezi kwenye mchanga wa korongo wakati wa kiangazi. Kwa kujifunza kuangusha na kuanguka, mchanga ni mzuri. Pekueni kwanza mbigili na vipande vya chupa, kwa vidole na kwa macho. Kwa kupambana chini haufai: unaingia machoni na unachubua magoti.

Juu ya sakafu ya saruji yenye zulia, mtu asiangushwe. Anzieni magotini au mmoja akiwa ameshalala.

Kuanzia Juni mpaka mvua zianze, vumbi la Dodoma linaingia hata mlango ukiwa umefungwa. Pigeni deki kabla ya mazoezi, halafu tena baada ya mazoezi kwa maji yenye dawa ya klorini iliyozimuliwa kama inavyoelekezwa kwenye chupa. Asubuhi za Juni na Julai ni baridi, hivyo pasheni mwili muda mrefu kidogo kuliko mlivyozoea Machi.

Hatua ya 3: Nguo na mwili

Kuna mchezo wa gi, yaani koti zito, suruali na mkanda, na kuna wa bila gi. Anzeni na mnachokimudu. Gi ya judo inatosha. Bila gi, vaeni fulana ya kubana na bukta au taiti isiyo na mfuko wala zipu, kwa sababu kidole kikinasa mfukoni mwa mtu anayegeuka kinavunjika. Hijabu isiyotumia pini haina shida. Pete, hereni, cheni na saa vivuliwe. Kucha za mikono na miguu zikatwe siku hiyohiyo.

Kandambili ziwekwe pembeni mwa mkeka. Anayekwenda chooni anazivaa, hatembei peku akarudi kutukanyagia tunapoweka uso. Gi inafuliwa kila baada ya mazoezi. Najua maji yana mgao mitaa mingi, lakini basi ifuliwe yenyewe kwanza, jua la hapa litaikausha upesi. Mwenye choa au fangasi apumzike mpaka apone, na jipu lenye joto na wekundu unaosambaa ni la kupelekwa hospitali, lisiminywe na wenzake jimu.

Hatua ya 4: Kubalianeni kugonga

Kabla ya mbinu yoyote, kila mmoja afundishwe kugonga. Mwenzako akikukaba au akikunyoosha kiungo mpaka huna pa kwenda, mgonge mwilini mara mbili au tatu, apate kuhisi. Mikono ikiwa imenasa, sema "Basi!" kwa sauti. Mwenye kushambulia anaachia hapohapo, bila kuuliza kama ni kweli.

Roba nzuri haizibi koo. Inabana mishipa miwili ya pembeni mwa shingo inayopeleka damu kichwani, na mtu anaweza kupoteza fahamu ndani ya sekunde kumi hivi bila maumivu makubwa. Ndiyo maana hatungoji kuona kama "inauma". Mtu akizimia, achia, mlaze chali, inua miguu yake. Huzinduka baada ya sekunde chache. Siku hiyo asicheze tena, na asipozinduka upesi au akiamka hajielewi, apelekwe hospitali.

Wekeni marufuku mbili tangu siku ya kwanza. Mtu asipinde kisigino cha mwenzake: shambulio hilo linapotosha goti, na kano za goti huweza kuchanika kabla maumivu hayajamwonya mtu. Hata IBJJF inaliruhusu tu kwa watu wazima wa mikanda ya kahawia na mweusi, tena bila gi. Na mtu asimrukie mwenzake kumfunga miguu kiunoni akiwa amesimama. Goti la anayerukiwa ndilo linalolipa.

Kuna tatizo moja la kwetu ambalo sijaliona likiandikwa. Kijana anaona haya kumkaba mtu mzima aliyemwamkia shikamoo mlangoni, na mtu mzima anaona haya kumgongea kijana. Yazungumzeni wazi. Shikamoo ibaki mlangoni na irudi wakati wa kuagana. Kati ya hapo, anayebanwa anagonga, awe mkurugenzi au mwendesha bodaboda. Kikundi ambacho wakubwa hawagongi kina wakubwa wenye viwiko vibovu.

Hatua ya 5: Njia za kutoka

Miezi miwili ya mwanzo ni ya kutoka. Anza na pale mwenzako anapokukalia juu ya kiuno au tumbo, magoti yake pande zote mbili.

Bana viwiko kwenye mbavu. Usinyooshe mikono kumsukuma kifua, maana mkono ulionyooka ndio anaousubiri. Kisha shughulikia uzito wake kabla hajapanda hadi kwapani: sukuma magoti yake kuelekea miguuni kwako.

Njia ya daraja ni hii. Unashika mkono wake mmoja na kuubana kifuani pako, halafu mguu wake wa upande huohuo unauzuia kwa unyayo wako. Upande huo hana tena cha kujiegemeza. Kaza nyayo chini, inua nyonga juu kabisa, na baada ya kuinua ndipo ugeuke kupitia bega la upande ulioufunga. Mpangilio huo ndio siri yote. Wageni wengi hugeuka kwanza na kuinua baadaye, wakawa wanamsukuma mtu ambaye uzito wake wote bado uko juu yao.

Njia ya kiwiko na goti: geuka kwa ubavu, kutanisha kiwiko na goti la upande wa chini, pitisha goti chini ya paja lake, sogeza nyonga pembeni, toa mguu mmoja, kisha mwingine, mfunge kati ya miguu yako. Njia hizi mbili zinategemeana. Ukipiga daraja akatupa mkono chini kujizuia, uzito wake umehamia huko na upande wa pili umekuwa mwepesi. Goti lipite hapo. Usipate moja ukaiacha nyingine.

Akikubana ubavuni, kifua juu ya kifua, jenga nguzo mbili: mkono mmoja kwenye shingo yake, mwingine kwenye nyonga yake. Nguzo haimsukumi, inashikilia nafasi wakati wewe unasogeza nyonga mbali naye. Nafasi ikipatikana, goti linaingia. Asiyesogeza nyonga atasukuma mpaka mikono iishe nguvu.

Mgongoni ndiko kubaya zaidi. Mikono yako miwili ishike mkono wake unaokaba, kidevu kishuke, na ulalie upande ambao mkono wake umepita chini ya kwapa lako. Upande wa mkono unaokaba ndio anaoutaka yeye. Telezesha mgongo mpaka mabega yako yaguse mkeka, ndipo ushughulike na miguu yake.

Baada ya hapo fuateni mpangilio huu: gadi, yaani kumzuia mtu kwa miguu ukiwa chali; kumpindua kutoka hapo; kuivuka gadi ya mwenzako; kumbana bila kumwacha aponyoke; na mwisho mashambulizi matatu tu, ambayo ni roba ya nyuma, kunyoosha mkono kutoka kifuani, na amerikana, yaani kupinda bega kwa mkono uliokunjwa kiwikoni. Matatu yatawatosha kwa mwaka mzima.

Hatua ya 6: Mazoezi yenyewe

Madarasa mengi yanaendeshwa hivi: mbio za kuzunguka mpaka watu wachoke, mbinu tatu zisizohusiana, kisha mapambano huru. Naona ni muda unaopotea, hasa kwa kikundi chenye saa moja tu. Mtu anaigiza mbinu mara ishirini kwa mwenzake aliyelala kama gogo, halafu kwenye pambano hajui hata wakati wake wa kuitumia umefika.

Jaribuni hivi. Chagueni hali moja kwa wiki mbili, tuseme kukaliwa kifuani. Dakika kumi za kupasha mwili zitumike kwa miendo ya mchezo: daraja, kusogeza nyonga, kuinuka huku mkono mmoja umekaza chini. Dakika kumi za kuonyeshana njia, polepole. Kisha mchezo mdogo: wa chini kazi yake ni kutoka tu, wa juu kazi yake ni kubaki tu, hakuna kukaba. Dakika tatu, mkitoka rudini mwanzo, kisha badilishaneni. Wa tatu akae atazame, aseme alichokiona.

Wa juu apandishe ukinzani kidogo kidogo. Raundi ya kwanza atumie uzito bila kushika. Ya pili ashike. Ya tatu azuie kwa nguvu zote. Kama wa chini anatoka kila mara, mmerahisisha mno. Kama hatoki hata mara moja ndani ya dakika tatu, punguzeni. Wiki ya pili mruhusuni wa juu kushambulia, na hapo mtaona nani alikuwa ananyoosha mikono.

Mapambano huru yabaki dakika kumi na tano za mwisho. Mzito akicheza na mwepesi, mzito aanzie chini. Inamsaidia na yeye, kwa sababu mwenye kilo tisini asiyelazimishwa kucheza chini huishi kwa kilo zake mpaka siku atakapokutana na mwenye mia na kumi. Royce Gracie, wa ukoo huohuo wa Carlos na Hélio, aliposhinda UFC ya kwanza, mashindano ya kupambanisha mitindo mbalimbali ya mapigano, mjini Denver, Novemba 1993, aliwashinda watatu usiku mmoja na hakuwa mtu wa kutisha kwa umbo. Mechi zake zinafaa kutazamwa kwa jambo moja hasa: anavyokaa bila haraka akiwa mahali pabaya.

Hatua ya 7: Video, bando na daftari

Video itazamwe baada ya mazoezi, ukiwa na swali. "Mwenzangu akinikalia juu sana, magoti kwapani, nifanyeje?" Swali kama hilo linajibiwa kwa video moja au mbili. Ukifungua simu bila swali utakesha na mbinu za kuruka hewani, na bando litaisha kabla hujapata hata moja ya kukufaa kesho. Pakueni mahali penye waifai na mtazame pamoja mkiwa mkekani.

Daftari liwe na mistari mitatu kila siku: nilikwama wapi, nilitoka wapi, na swali la kesho. Mtu akikwama mahali pamoja wiki tatu mfululizo, mahali hapo pawe mada ya kikundi.

Kujirekodi kwa simu ni bora kuliko video nyingi za mabingwa. Iegemezeni ukutani, raundi moja tu, mkaitazame huku mnapumua.

Hatua ya 8: Chezeni kwa alama

Baada ya miezi minne au mitano, Jumamosi moja kwa mwezi chezeni kwa sheria za mashindano hata kama hamna mpango wa kushindana. Kuangusha, kupindua na kuweka goti tumboni ni alama 2. Kuvuka gadi ni 3. Kumkalia kifuani au kumshika mgongoni kwa miguu yote miwili ni 4. Nafasi inahesabiwa ukiishikilia kwa sekunde 3. Akigonga, mechi imekwisha hata kama alikuwa anaongoza kwa alama kumi. Kwa mkanda mweupe wa watu wazima mechi ni dakika 5.

Mwamuzi awe yule mnayemwona hajui kukaa kimya. Kazi hiyo itamlazimisha kutazama. Na mkimpokea mgeni siku hiyo, msimwingize kwenye mechi. Apewe saa ashike, afundishwe kuanguka na kugonga, na Jumatatu alazwe chali na mwepesi kuliko wote.